Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa: figo na njia ya mkojo zisisahaulike

Katika kila watoto 5,000 hivi wanaozaliwa duniani, mmoja huzaliwa bila tundu la haja kubwa, au huzaliwa nalo likiwa limefunguka mahali pasipo pake. Mama wa Kagongwa anayefikwa na jambo hilo hupokea habari mbili kwa pamoja: kwamba mwanawe amezaliwa, na kwamba mwanawe lazima apasuliwe. Ndugu, majirani na wanajumuiya huungana naye katika sala na katika kuchanga nauli. Mtoto akisharudi kutoka Mwanza, baada ya miezi mingi na upasuaji wa mara mbili au tatu, akiwa sasa anajisaidia kwa njia ya kawaida, wote humshukuru Mungu na kuona kwamba jambo limekwisha.

Kumshukuru Mungu ni wajibu na ni haki. Hata hivyo, kwa wengi wa watoto hao jambo halijaisha. Kasoro ya sehemu ya mwisho ya utumbo mara nyingi huja pamoja na kasoro ya figo, ya kibofu au ya mirija ya mkojo, na hii ya pili haionekani kwa macho. Kovu la tumboni kila mtu analiona. Figo iliyovimba kwa mkojo uliozuiliwa haioni mtu yeyote mpaka ipigwe picha. Nayo ndiyo inayoweza kumwondolea mtoto uhai miaka mingi baada ya utumbo wake kutengenezwa vizuri. Kwa hiyo makala hii inawaandikia wazazi, wasimamizi wa ubatizo, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ili mtoto wa namna hii asije akaachwa nusu ya safari.

Kwa nini viungo hivi viwili huharibika pamoja

Katika majuma ya mwanzo ya mimba, mtoto tumboni hana njia mbili za kutolea uchafu. Ana chumba kimoja tu, ambacho wataalamu hukiita kloaka, na ndani yake huishia utumbo na njia ya mkojo kwa pamoja. Kati ya juma la 4 na la 7 ukuta mwembamba hushuka na kukigawa chumba hicho: nyuma inabaki njia ya haja kubwa, mbele inabaki kibofu na njia ya mkojo. Ni katika majuma hayo hayo, na katika eneo hilo hilo la mwili, ambapo chipukizi la figo huanza kukua, na mifupa ya chini ya mgongo pamoja na mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu hujengwa. Kazi hiyo ikivurugika kidogo, ni nadra kuvurugika mahali pamoja tu. Mama mwenyewe wakati huo huenda hata hajatambua kwamba ana mimba.

Ndiyo maana kati ya theluthi moja na nusu ya watoto wenye kasoro hii huwa pia na tatizo katika njia ya mkojo au viungo vya uzazi. Idadi hiyo hubadilika sana kulingana na mahali utumbo ulipoishia. Mtoto ambaye njia yake imefunguka kwenye ngozi, karibu na mahali pake pa kawaida, ana hatari ndogo, chini ya mmoja katika kumi. Mvulana ambaye utumbo wake umeingia kwenye shingo ya kibofu, au msichana ambaye njia ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa zimeungana na kutokea katika tundu moja, yumo katika kundi ambalo karibu watoto tisa kati ya kumi wana kasoro ya mkojo.

Kasoro zenyewe ni za namna nyingi. Iliyo ya kawaida zaidi ni mkojo kurudi nyuma, kutoka kibofuni kupanda kwenye figo, badala ya kushuka tu. Wapo wanaozaliwa na figo moja, wengine figo zimeungana kwa chini mfano wa kwato ya farasi, wengine figo ipo lakini haikukomaa, au imekaa mahali pasipo pake. Wavulana wengine huzaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume, au korodani hazijashuka. Moyo, koo la chakula na uti wa mgongo navyo vinaweza kuguswa, na kwa sababu hiyo daktari huagiza vipimo vingi ambavyo mzazi huenda akaviona havihusiani na tatizo alilolileta.

Chanzo chake hakijulikani kwa hakika. Kisukari cha mama huongeza hatari, na baadhi ya familia zina urithi wa kasoro hizi, lakini wazazi walio wengi hawana lolote walilofanya au kuacha kufanya. Katika ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kakola hadi Geita, watu huuliza kuhusu zebaki inayochomwa kwenye uchenjuaji. Zebaki ni sumu kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni, na mama mjamzito akae mbali nayo kabisa. Lakini haijathibitishwa kuwa ndiyo inayoleta kasoro hii tunayoizungumzia.

Siku ya kwanza

Mkunga anayempokea mtoto humgeuza na kumtazama sehemu zote, hata zile ambazo haya ya kibinadamu hutufanya tuzipite haraka. Kwa mvulana, iwapo hakuna tundu, jambo la kuangaliwa ni mkojo wake: ukitoka na rangi ya kijani iliyokolea au nyeusi, hicho ni kinyesi cha kwanza kilichopita njia ya mkojo, na maana yake utumbo umeungana na njia hiyo. Madaktari husubiri hadi saa 20 au 24 kabla ya kuamua aina ya upasuaji, kwa sababu kinyesi huchukua muda kufika chini na kuonyesha kama kuna mlango mdogo kwenye ngozi. Muda huo wa kungoja mtoto aupitishe akiwa njiani au hospitalini, wala si nyumbani.

Kwa msichana hadaa ni kubwa zaidi. Wengi wao hupata choo kupitia kijitundu kilicho mbele, karibu na njia ya uzazi, na kwa kuwa nepi inachafuka, familia huridhika. Hugunduliwa baada ya miezi, pengine miaka, choo kinapoanza kuwa kigumu. Msichana mwenye tundu moja tu yumo katika hatari ya haraka: mkojo unaweza kujaa katika njia ya uzazi, ikavimba kama puto na kuibana mirija inayotoka kwenye figo. Tumbo huvimba, na figo huanza kuumia katika siku hizo hizo za mwanzo. Hapo daktari hulazimika kuutoa maji uvimbe huo mapema, sambamba na kumfungulia mtoto njia ya haja tumboni.

Kutoka Kagongwa hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 200. Rufaa huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapita Kahama, na kwa kawaida huishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni mali ya Maaskofu Katoliki wa Tanzania na huendeshwa kwa makubaliano na Serikali. Kwa usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga upo mfumo wa m-mama, ambao mkoa wetu wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa ile iliyoutumia kwanza kabla haujaenezwa nchini. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Wenzetu wa upande wa Geita, waliokuwa wakingoja kivuko, tangu Juni 2025 wanavuka kwa Daraja la Kigongo–Busisi. Mtoto afungwe vizuri asipate baridi, asinyonyeshwe iwapo muuguzi amekataza, na asipewe dawa ya kienyeji ya kufungua choo wala kupigwa bomba. Utumbo usio na mlango unaweza kupasuka.

Vipimo ambavyo mzazi ana haki ya kuviulizia

Kabla mtoto hajapasuliwa mara ya kwanza, figo zake na kibofu chake vinapaswa kupigwa picha ya ultrasaundi. Kipimo hiki hakina maumivu wala mionzi, na mashine zake siku hizi zinapatikana hata katika hospitali za wilaya. Picha hiyo ikionyesha figo zilizovimba, mpango wote wa matibabu hubadilika. Mgongo nao hutazamwa, kwa ultrasaundi kabla mtoto hajafikisha miezi 3, kisha kwa eksirei ya mifupa ya chini, kwa sababu mfupa huo ukiwa mfupi au umepinda, mishipa inayoongoza kibofu huwa na hitilafu pia.

Upasuaji wa kwanza kwa wengi ni kufungua njia ya haja ya muda tumboni. Madaktari hupendelea kuukata utumbo na kutenganisha ncha mbili, ili kinyesi kisiendelee kushuka hadi pale unapoungana na njia ya mkojo. Kikishuka, mtoto huugua maambukizi ya mkojo mara kwa mara. Vilevile mkojo unaweza kupanda na kukaa ndani ya utumbo. Utumbo huufyonza, damu ikawa na tindikali nyingi, na mtoto akahema haraka, akakosa hamu ya kunyonya na asiongezeke uzito. Mzazi anayeona mkojo ukitoka kwenye mfuko wa tumboni, au kinyesi kwenye mkojo, asingoje tarehe ya kliniki.

Kabla ya upasuaji wa pili, ule wa kutengeneza njia yenyewe, dawa ya kuonekana kwenye eksirei hupitishwa katika ncha ya chini ya utumbo ili kuonyesha mahali hasa ulipoungana na njia ya mkojo. Upasuaji huu hufuata njia iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Alberto Peña na Pieter deVries, inayopita katikati kabisa kwa nyuma, ili daktari aione misuli na mishipa bila kuijeruhi. Picha hiyo ikirukwa, daktari hutafuta kwa kubahatisha, na njia ya mkojo ya mvulana ndiyo inayoumia kwanza. Mzazi asione aibu kuuliza: “Daktari, mmeshajua utumbo umeungana wapi?” Ni swali la heshima, na daktari makini atafurahi kulijibu.

Homa ambayo si malaria

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote katika mazingira yetu, na ndipo ninapoomba msomaji atulie.

Sisi wa Shinyanga na Geita tumezoea kwamba mtoto akichemka mwili, ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Mtoto hupelekwa dukani au zahanati, hupewa dawa, homa hushuka, maisha yanaendelea. Lakini mtoto aliyezaliwa na kasoro ya njia ya haja, hasa ambaye mkojo wake hurudi nyuma, ana sababu nyingine ya homa isiyo na kikohozi wala jipu: vijidudu vimepanda hadi kwenye figo. Kila shambulio la namna hiyo linaweza kuacha kovu kwenye figo, na kovu la figo halifutiki. Mtoto anayetibiwa malaria mara nne kwa mwaka bila mkojo wake kupimwa hata mara moja anaweza kuwa anapoteza figo kidogo kidogo, huku kadi yake ya kliniki ikiwa imejaa maandishi ya malaria.

Kanuni ni rahisi na ishikwe na kila mlezi: mtoto huyu akipata homa, apimwe malaria na apimwe mkojo, siku hiyo hiyo. Hata malaria ikionekana, mkojo upimwe vilevile, kwani moja halizuii jingine. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anaumwa anapokojoa. Yeye hutapika, hulia bila kutulizika, hugoma kunyonya, au haongezeki uzito tu. Mkojo wa kupimwa uchukuliwe kwa usafi, ikiwezekana kwa mpira, kabla ya kumpa dawa ya kuua vijidudu. Nusu dozi ya dawa iliyobaki kabatini huficha ugonjwa bila kuuponya.

Kwa mtoto mkubwa, mkojo wenye damu katika mkoa wetu hutufanya tufikirie kichocho, kwa kuwa kweli kipo katika mabwawa na majaruba ya mpunga. Kwa mtoto mwenye historia hii, dawa ya kichocho pekee isiwe mwisho wa uchunguzi.

Baadhi ya watoto ambao mkojo wao hurudi nyuma huandikiwa dozi ndogo ya dawa kila usiku kwa miezi mingi, ili kuzuia maambukizi wakati wakikua. Wazazi huichoka, na inaeleweka: mtoto anacheza, haumwi, kwa nini anywe dawa? Anakunywa ili figo zisipate kovu jipya. Isikatishwe ila kwa neno la daktari.

Choo kigumu nacho ni adui wa figo, ingawa wengi hawaunganishi mambo hayo mawili. Utumbo uliojaa hukibana kibofu, mkojo hautoki wote, na mkojo unaobaki huotesha vijidudu. Kwa hiyo ushauri wa daktari juu ya chakula, maji na dawa za kulainisha choo unahusu figo vilevile.

Kibofu kisichojimwaga

Wapo watoto ambao kibofu chao hakipokei amri ipasavyo kutoka kwenye mgongo. Huonekana wakivuja mkojo matone matone mchana na usiku, au hukaa muda mrefu bila kukojoa. Mlezi asimchape mtoto wa namna hii kwa kukojoa kitandani, na mwalimu aelezwe mapema. Msukumo ndani ya kibofu kilichojaa hupanda na kuziharibu figo zote mbili, kimya kimya.

Tiba yake haina gharama kubwa. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kuingiza mpira safi mwenyewe mara kadhaa kwa siku, akautoa mkojo wote, kisha akauondoa mpira. Usafi wa kawaida wa maji na sabuni ukatosha. Mama hufundishwa na muuguzi katika siku chache, na mtoto wa darasa la tatu au la nne aweza kujifanyia mwenyewe. Kinachohitajika shuleni ni choo chenye mlango unaofungwa, maji, na mwalimu mmoja anayejua na kutunza siri. Shule zetu za parokia zinaweza kutoa hayo matatu.

Jambo moja kuhusu wavulana nalisema kwa mkazo, kwa kuwa tohara imeenea sana katika kanda yetu kwa kampeni za afya. Mvulana ambaye tundu lake la mkojo liko upande wa chini wa uume asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari bingwa. Ngozi ile inayokatwa ndiyo daktari anayoitumia kutengenezea njia ya mkojo. Ikishatupwa, kazi huwa ngumu mara mbili. Kwa mvulana mwingine, ambaye tatizo lake ni mkojo kurudi nyuma, tohara huweza kupunguza maambukizi. Aamue daktari aliyemchunguza.

Jumuiya na familia

Bado yapo maneno vijijini kwamba mtoto wa namna hii ni mkosi, au amerogwa, au ni malipo ya dhambi ya mama. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane wanafunzi walimuuliza Bwana swali la namna hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye akakataa kuhesabu kasoro ile kuwa malipo ya dhambi ya mtu huyo au ya wazazi wake. Muumini anayemwambia mama mzazi kinyume cha hayo anakwenda kinyume na Bwana mwenyewe. Waume nao wasiwaache wake zao peke yao wodini. Wapo wanaotoweka, na tunawajua.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Kanisa linaagiza abatizwe bila kuchelewa. Padre akikosekana, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda kile ambacho Kanisa hutenda anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Kisha paroko ataarifiwa, ili jina liandikwe kitabuni na sehemu za ibada zilizobaki zikamilishwe mtoto akipona. Lakini jambo hili lisiicheleweshe gari.

Kuhusu gharama, sera ya Taifa inawasamehe watoto walio chini ya miaka 5 malipo katika vituo vya umma, ingawa nauli, chakula cha mama na baadhi ya vifaa hubaki mzigo wa familia. Hospitalini ipo ofisi ya ustawi wa jamii. Aonwe afisa wake mapema, si siku ya kuruhusiwa. Jumuiya inayotaka kusaidia ikumbuke safari za baadaye kuliko ile ya kwanza. Siku ya kwanza watu huchanga kwa machozi; mwaka wa tatu, mtoto anapoitwa kwa ultrasaundi tu, hakuna anayechanga, na mama hubaki nyumbani akisubiri mavuno ya mpunga.

Ufuatiliaji huo ni wa miaka mingi. Ultrasaundi ya figo hurudiwa kwa vipindi anavyopanga daktari, na shinikizo la damu hupimwa hata kwa mtoto, kwa sababu figo yenye makovu hulipandisha. Kipimo cha damu cha kazi ya figo hufanywa pia. Mwenye figo moja anaweza kuishi maisha kamili, ila kila anayemtibu lazima ajue, kwa kuwa baadhi ya dawa za maumivu na baadhi ya sindano huumiza figo. Wasichana waliozaliwa na tundu moja waangaliwe tena wanapovunja ungo: tumbo linalouma kila mwezi bila damu kutoka ni dalili kwamba njia ya uzazi imeziba. Na binti huyo akija kuolewa na kushika mimba, ahudhurie kliniki ya wajawazito katika hospitali kubwa tangu mwanzo, akiwa na karatasi za upasuaji wake wa utotoni, kwa sababu mara nyingi wengi wao hushauriwa kujifungua kwa upasuaji.

Karatasi hizo wazazi wazitunze pamoja na cheti cha ubatizo, mahali pasipofikiwa na maji wala mchwa, na nakala yake ipigwe picha kwenye simu. Ziwe na aina ya kasoro, tarehe za upasuaji, matokeo ya ultrasaundi ya figo na jina la dawa anazotumia mtoto. Muuguzi wa zahanati atakayempokea usiku wa manane akiwa na homa atahitaji kuzisoma kwa dakika moja.